Orodha ya maprofesa wa sayansi ya neva: isome hivi kabla hujaomba uzamivu (PhD)

Kila ikifika mwezi wa tisa huanza kupokea ujumbe kutoka kwa vijana wa Malindi, Mambrui na Watamu. "Dada, nataka kusomea ubongo, niombe wapi?" Nami huuliza: umeshasoma maprofesa wa chuo unachokitaka wanafanya nini? Wengi hunijibu kwa jina la chuo. Lakini utakayekaa naye miaka kadhaa ni profesa mmoja na maabara yake, na kazi yake imeelezwa kwa aya fupi chini ya jina lake, kwenye orodha ya maprofesa katika tovuti ya chuo. Aya hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Ichapishe kama unaweza, saiba (cyber) za mjini hazitozi pesa nyingi kwa karatasi moja. Shika kalamu utafute vitu vitatu: swali, kiumbe, na chombo. Tuseme imeandikwa: "Tunachunguza jinsi sinapsi za hipokampasi zinavyobadilika wakati wa kujifunza, kwa kurekodi umeme wa seli na kupiga picha ubongo wa panya aliye hai." Sinapsi ni viungio kati ya seli za neva, na hipokampasi ni sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kwa hiyo swali ni kumbukumbu. Kiumbe ni panya. Chombo ni elektrodi, yaani kijiti chembamba cha kupima umeme, na darubini. Kijana akisoma hapo huona neno kujifunza tu, moyo ukamruka. Mimi namwambia aangalie mwisho wa sentensi, kwa sababu maisha yake ya kila siku yako huko: kumtia panya ganzi, kumfungulia kidirisha kwenye fuvu, kisha kukaa gizani saa nyingi akitazama seli zikiwakawaka. Swali utaliandika kwenye utangulizi wa tasnifu. Kiumbe na chombo utaamka navyo kila asubuhi, kwa hiyo jiulize kwanza kama mikono yako inavitaka.

Kiumbe nacho hakichaguliwi ovyo. Nyumbani kwetu Shela, hii ya Malindi, kazi ya kusafisha ngisi ilikuwa yangu. Nampasua, natoa kifuko cha wino polepole kisipasuke, navuta ule mfupa mwembamba kama plastiki, kisha nasugua ngozi ya zambarau mpaka nyama ibaki nyeupe. Ndani ya ukuta ule wa nyama kuna vijiuzi vinavyotawanyika kutoka kwenye fundo dogo, kama mishipa ya jani. Nilivikwangua na kuvitupa miaka yote bila kujua ni nini. Chuoni ndipo nilipofundishwa kwamba humo mna aksoni kubwa ya ngisi, uzi wa neva unaoweza kufika unene wa karibu milimita moja, unaomwezesha kubana mwili ghafla na kuruka nyuma anapoona hatari. Alan Hodgkin na Andrew Huxley, Waingereza wawili, walimchagua ngisi kwa sababu hiyo hasa: uzi wake ni mnene kiasi cha kupitisha elektrodi ndani. Mwaka 1952 walitoa maelezo ya jinsi sodiamu na potasiamu zinavyopishana na kuzaa mpigo wa umeme wa neva, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel.

Basi ukikuta profesa anatumia mnyoo mdogo mwenye seli za neva 302 tu, au inzi wa matunda, au vifaranga vya samaki zebra ambao mwili wao unapenyeza mwanga, usimpite haraka ukidhani hahusiki na binadamu. Uliza kiumbe kile kinamruhusu kuona nini ambacho kwa mtu hakionekani.

Hapa nieleze kilichonipata, maana bado kinaniuma. Mtoto wa ami yangu ana kifafa. Alikatazwa kwenda baharini na wenzake, na shule akaiacha. Nilipoona neno kifafa chini ya jina la profesa mmoja, sikutazama kingine. Wiki sita nilijiandaa, nikasoma makala zake, nikaandika barua ya kurasa mbili. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: aliacha kuchukua wanafunzi miaka kadhaa nyuma. Aya yake hakuna aliyeigusa tangu hapo.

Kwa hiyo hakiki tarehe. Nenda PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba na baiolojia, ni bure, tafuta makala zake za miaka mitatu ya karibuni. Katika fani yetu jina la mwisho kwa kawaida ni la mkuu wa maabara, na la kwanza ni la aliyefanya kazi kubwa, mara nyingi mwanafunzi. Yafuatilie majina hayo ya kwanza. Je, walihitimu? Wako wapi sasa? Kwa vyuo vya Marekani, fungua pia NIH RePORTER, tovuti ya serikali ya Marekani inayoorodhesha ruzuku za utafiti wa afya, uone kama ana ruzuku na inaisha lini. Ruzuku ikibakiza miezi minane, ni haki yako kuuliza, kwa adabu, mwanafunzi mpya atalipwa na nini.

Programu nyingi za Marekani humpitisha mwanafunzi maabara mbili tatu mwaka wa kwanza kabla hajachagua, basi huko tafuta maprofesa watatu au wanne, usitegemee mmoja. Uingereza mara nyingi unaomba ukiwa tayari na msimamizi, na hapo barua ndiyo kila kitu.

Na sisi wa pwani tusione haya kutaja tulikotoka. Kilifi, mwendo wa matatu wa saa moja hivi, kuna kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1989, na wanasayansi kama Charles Newton wamechunguza huko malaria ya ubongo na kifafa. Bibi zetu walipotaja degedege walikuwa wanaeleza jambo ambalo maabara hizo zinalisoma hadi leo. Ukilijua kwa macho yako, liandike.

Barua yenyewe isizidi mistari kumi. Nyingine niliyoandika baadaye, ikajibiwa, ilikwenda hivi (EEG humo ni kipimo cha umeme wa ubongo): "Nimesoma makala yenu ya mwaka jana kuhusu mitetemo ya umeme kabla ya kifafa kuanza. Kwenye picha ya nne, panya wawili hawakuonyesha mitetemo hiyo, na maandishi hayakueleza. Je, mnadhani ni umri wao? Nina shahada ya baiolojia, nimefanya kazi na mashine ya EEG miezi minane, na ningependa kujua kama mnachukua mwanafunzi mwakani."

Asipojibu, ngoja wiki mbili, mkumbushe mara moja tu, kisha nenda kwa jina linalofuata.