Binti Mwimbaji, Ukirudi Mombasa na Kupata Mchumba: Yapange Haya Kabla ya Posa

Usiweke picha yake mtandaoni kabla wazee hawajaketi. Mji wa Kale habari hutangulia mtu, na walii wako (msimamizi wako wa ndoa, kwa kawaida baba) akizipata barazani kabla hujamwambia, posa huanza kwa kinyongo. Mwambie mama au shangazi kwanza. Wao watajua namna ya kumfikishia baba.

Mahari yataje mwenyewe: kiasi, na kama ni dhahabu, gramu ngapi. Kilichotolewa na kilichobaki viandikwe mbalimbali. Ni haki yako hata kama una pesa kumshinda bwana. Wengi huyapuuza kwa sababu hiyo, baadaye wakagombana.

Kazi ndiyo penye mzozo. Zungumzeni safari, maonyesho ya usiku, na hasa kutunzwa pesa. Mwanamume hupenda sauti yako, lakini kuona mashabiki wakikumiminia noti jukwaani ni mtihani mwingine (mpeleke shoo moja kwanza, umtazame uso). Mkikubaliana, andikeni, mashahidi watie sahihi.

Mirabaha (malipo ya matumizi ya nyimbo zako) iingie akaunti ya jina lako pekee. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaruhusu mapatano ya mali kabla ya ndoa, ila Mwislamu anaweza kufuata sharia ya dini, hivyo muone wakili na kadhi pia.

Nikaha yataka walii na mashahidi 2. Cheti kibebe jina la kitambulisho, si la jukwaani. Yakitofautiana, utahangaika ukiomba viza.