Acheni kuwashindilia chakula vifaranga wa samaki wa mapambo

Ninyi mnaototoa samaki wa dhahabu kwenye matangi ya kioo hapa Pwani, simu zenu zinafanana. Mayai yaliangua vizuri, vifaranga walikuwa mamia, siku ya tano asubuhi wote wamelala chini. Mnaniuliza ni ugonjwa gani na dawa yake inauzwa wapi. Nikiuliza walilishwa nini, naambiwa kiini cha yai. Nikiuliza kiasi gani, kimya.

Mnalisha mapema, kisha mnalisha mno. Maji yakiwa nyuzi 24, mayai huangua baada ya siku tatu hivi, na kifaranga anayetoka hahitaji kitu kutoka kwako. Hujibandika kwenye kioo au kwenye majani, akala kiini alichotoka nacho tumboni kwa siku mbili hadi tatu. Chochote utakachotia wakati huo kitaoza tu. Anayeruka kidogo na kurudi ukutani bado hajawa tayari. Subiri walio wengi waogelee wamelala mlalo katikati ya maji, na siku hiyohiyo ndipo uwalishe. Usiwaache tena siku mbili kwa kuogopa haya ninayoandika!

Chakula kikioza hutoa amonia, sumu inayoyeyuka majini, nayo huwa kali zaidi kadiri joto na pH (kipimo cha ukali wa asidi au besi ya maji; 7 ndiyo katikati) vinavyopanda. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote iliyomo. Kwenye pH 8 inapita asilimia 5, na kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Visima vingi vya Pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake ni magumu na pH yake huwa juu, kwa hiyo uchafu ambao mwenzako wa bara mwenye maji laini angesalimika nao, kwako unaua tangi zima kabla ya adhuhuri. Wenye mabirika ya nje yenye maji ya kijani wajue pia kwamba jua likiwaka pH hupanda, na alasiri ndiyo saa mbaya.

Samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo wa kuweka akiba. Chakula humpita moja kwa moja utumboni. Ukimlisha kwa wingi mara moja, hakumsaidii. Lisha kidogo mara nne: saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa, na saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo basi. Kifaranga huwinda kwa macho, na cha usiku kitalala sakafuni kikioza.

Chakula bora cha mwanzo ni artemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba, walioanguliwa leo. Weka gramu 25 za chumvi isiyo na madini ya joto kwa kila lita ya maji, mayai ya artemia gramu 1, hewa ya nguvu, taa, na nyuzi 28. Anza saa moja asubuhi, kesho saa kama hiyo wako tayari. Zima hewa dakika kumi: maganda yataelea, artemia watashuka chini. Wavute kwa mrija, wachuje kwenye kitambaa laini, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndipo uwape. Artemia hufa ndani ya saa chache wakiwa kwenye maji matamu, kwa hiyo watie wanaoweza kuliwa ndani ya nusu saa. Inashangaza kuona mtu wa Pwani hajawahi kuwasikia, ilhali walitiwa kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi tangu miaka ya 1980.

Ukikosa artemia, basi hilo yai lenu. Lichemshe hadi kiini kikauke, chukua kipande kama punje ya mtama, kikamulie ndani ya kitambaa kwenye kikombe cha maji, na kwa tangi la lita 40 utie matone matano. Matone, si kikombe! Maji yakiwa bado na ukungu baada ya dakika 20, umezidisha. Kesho tia matatu.

Na ukishazidisha, usimwage maji yote. Hapa ndipo wengi huwamalizia waliobaki. Nyonya mabaki ya sakafuni kwa mrija mwembamba wa pampu ya hewa, ukimiminia kwenye beseni jeupe ili uwaone vifaranga waliovutwa na kuwarudisha. Badilisha theluthi moja tu, kwa maji yasiyopishana na ya tangi zaidi ya nyuzi 2. Ya mfereji yalazwe saa 24 kwenye ndoo wazi yenye hewa ili klorini itoke. Acha kulisha hadi kesho asubuhi. Siku za kawaida badilisha sehemu moja ya tano kila siku, na kichujio cha sponji kitoke kwenye tangi la zamani, kwa sababu kipya huchukua wiki nne hadi sita kupata bakteria wa kumeza amonia.

Wakila vizuri artemia, utaona vitumbo vya rangi ya chungwa.

Wiki ya tatu unaweza kuanza unga wa chakula kikavu uliosagwa laini. Upime kwa ncha ya kijiti cha meno, na kijiti chenyewe kikae juu ya tangi, asije mtoto akatumia kijiko.