Somo: Kupima jinsi seli za bandama ya panya zinavyoua seli za YAC-1

Mwaka 1975, katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell walieleza kwamba bandama ya panya ambaye hajachanjwa ina seli zinazoua seli za lukemia zikichanganywa maabara. Leo tunaziita seli uaji asilia. Kipimo ninachofundisha hapa ni kile kinachotumia kromiamu-51, yaani kromiamu yenye mnunurisho. Wengi hukimbilia asilimia ya mauaji. Mimi hutazama kwanza kama seli zinazouawa zilikuwa na afya.

Hatua ya 1: Seli lengwa, yaani zinazouawa. YAC-1 ni seli za saratani ya limfu ya panya iliyoletwa na virusi vya Moloney. Protini zake za utambulisho za MHC daraja la kwanza ni chache, kwa hiyo hakuna cha kuzuia seli uaji zisishambulie. Siku moja kabla, zigawe kwenye RPMI 1640 (lishe ya seli) mpya yenye seramu ya ndama asilimia 10, ili siku ya kazi ziwe zinakua kwa kasi. Zipake tripani buluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu, uzihesabu. Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 90, ahirisha. Niliwahi kutumia seli zilizosongamana kwenye chupa tangu Ijumaa. Theluthi nzima ya kromiamu ilivuja yenyewe, na panya watatu walikuwa wamekwisha kufa bure. Bado linaniuma.

Hatua ya 2: Kutia alama. Changanya seli na kromati ya sodiamu yenye kromiamu-51, saa moja kwa nyuzi 37, kisha zioshe mara tatu. Kromiamu hushikana na protini za ndani. Utando ukipasuka humwagika nje, na iliyomwagika hainyonywi tena na seli nyingine. Uzuri wa kipimo uko hapo. Fanya kazi nyuma ya ngao ya risasi.

Hatua ya 3: Bandama. Ponda bandama kwenye chujio la nailoni, ondoa seli nyekundu kwa kloridi ya amonia, osha, hesabu. Weka kwenye barafu, usikawie.

Hatua ya 4: Sahani. Tumia sahani ya visima 96 yenye vitako vya mviringo. Kila kisima kipate seli lengwa 10,000 katika mikrolita 100. Juu yake weka seli za bandama 1,000,000, halafu nusu yake, robo, na thumuni: yaani 100 kwa 1, 50, 25 na 12.5. Kila kiwango kipate visima vitatu. Visima vitatu vingine vipate lishe tupu (uvujaji wa kawaida), na vitatu vipate Triton X-100 asilimia 1, sabuni inayopasua seli zote (uvujaji wa juu kabisa). Zungusha taratibu kwenye sentrifuji ili seli zigusane, kisha weka kwenye inkubeta saa 4.

Hatua ya 5: Hesabu. Zungusha tena, chukua mikrolita 100 za maji ya juu bila kugusa mashapo, peleka kwenye kihesabu cha gama. Toa uvujaji wa kawaida kwenye hesabu ya kisima. Gawanya kwa uvujaji wa juu uliotolewa uvujaji wa kawaida. Zidisha kwa 100. Mfano: kisima 1,100, kawaida 300, juu 2,300. Ni 800 kwa 2,000, yaani asilimia 40. Uvujaji wa kawaida hapo ni asilimia 13 ya ule wa juu. Ukipita 20, mimi hulitupa jaribio zima.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini kiwango cha 100 kwa 1? Si nyingi mno?*
Marahaba. Seli uaji asilia ni asilimia chache tu ya bandama, kwa hiyo wauaji halisi kisimani ni wachache. Ukizitenga kwanza, shusha kiwango.

*Maabara yetu haina kibali cha mnunurisho. Tufanyeje?*
Pimeni kimeng'enya cha laktati dehidrogenesi kinachovuja. Ila seli za bandama nazo hukivujisha, na seramu inacho. Wekeni visima vya seli za bandama peke yake kwa kila kiwango, mtoe hesabu yake.

*Napata asilimia 8 tu, na uvujaji wa kawaida uko sawa.*
Ndugu, angalia umri na ukoo wa panya. Wa chini ya wiki tatu wana uwezo mdogo, na ukoo wa A uko chini kuliko CBA. Mpe panya mmoja poly I:C, RNA bandia inayoamsha seli uaji, saa 18 hadi 24 kabla. Asilimia ikipanda, kipimo chako kinafanya kazi. Panya wako ndio waliotulia.

*Nitajuaje kuwa ni seli uaji asilia zinazoua, si nyingine?*
Weka P815, seli nyingine za saratani ya panya, kando ya YAC-1. Katika saa 4, seli za bandama ya panya asiyechanjwa haziziui kwa kiasi cha maana. Zikifa zote mbili sawasawa, chunguza lishe na sahani kabla ya kuchinja panya mwingine.