Ruzuku ya polisi wa mji na afisa wa shule Marekani: hesabu kwanza, maelezo baadaye

Maombi ya ruzuku ya polisi nchini Marekani mara nyingi huharibika kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa. Usajili wa mji umekwisha muda bila mtu kujua, mchango wa mji umepigiwa hesabu nusunusu, au idara imeomba mshahara kwenye fungu lisilolipa mshahara. Uandishi mzuri hauponyi hata moja kati ya hayo. Mwongozo huu ni wa idara ndogo ya polisi, ofisi ya sherifu au wilaya ya shule inayotaka kumweka afisa shuleni, na ambayo haina mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya ruzuku tu.

Fungu lipi hulipia nini

Mlango mkuu ni Ofisi ya COPS, ofisi ya serikali kuu ya polisi jamii, iliyo chini ya Wizara ya Sheria na iliyotokana na sheria ya uhalifu ya 1994. Ina mafungu mawili ambayo waombaji huyachanganya. CHP, fungu la kuajiri askari, hulipia watu: mshahara wa kuanzia na marupurupu ya afisa mpya wa kudumu, au ya afisa aliyepunguzwa kwa ukosefu wa bajeti na sasa anarudishwa. SVPP, fungu la kuzuia ukatili shuleni, ilitokana na sheria ya STOP, iliyotiwa saini Machi 2018, wiki chache baada ya mauaji ya shuleni Parkland, Florida. Hiyo hulipia makufuli, taa, vifaa vya kugundua vyuma, mitambo ya kuwaita polisi haraka wakati wa hatari, na mafunzo ya askari kuhusu kuzuia ukatili wa wanafunzi. Mshahara wa afisa wa shule haumo. Sheria hiyo pia inakataza fedha zake kumpatia mtu yeyote bunduki au mafunzo ya kuitumia.

Kama tatizo lenu ni milango ya nyuma isiyofungika, nendeni SVPP. Kama mnahitaji mtu, nendeni CHP. Mkihitaji vyote viwili, andaeni maombi mawili, kila moja na bajeti yake.

Fungu la tatu ni JAG, lenye jina la Edward Byrne, askari wa New York aliyeuawa mwaka 1988. Hili halina mashindano kwa miji inayostahili: kiasi hutoka kwenye kanuni inayotazama idadi ya watu na uhalifu wa kutumia nguvu, na mji hautakiwi kuchangia. Kwa mji mdogo kiasi chenyewe ni kidogo, na usiopata moja kwa moja huomba kupitia jimbo lake. Hata hivyo JAG inafaa sana kwa redio na vifaa ambavyo CHP haigusi. Kumbukeni kuwa ombi la JAG lazima lifikishwe kwa baraza la mji au kaunti angalau siku 30 kabla, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Idara inayolikumbuka sharti hili wiki ya mwisho huwa imeshachelewa.

Kabla ya kugonga milango ya serikali kuu, ulizeni jimbo lenu. Tennessee mwaka 2023 ilitenga fungu la kuweka afisa katika kila shule ya umma, dola 75,000 kwa afisa kwa mwaka. Texas mwaka huohuo iliagiza kila shule ya umma iwe na mlinzi mwenye silaha, na ikatoa dola 15,000 kwa kila shule na dola 10 kwa kila mwanafunzi. Masharti ya majimbo hutofautiana sana, lakini mara nyingi karatasi ni chache.

Gharama halisi ya afisa mmoja

Hapa ndipo baraza la mji hushtuka mwaka wa pili, nasi tungependa lishtuke mapema.

CHP hulipa hadi asilimia 75 ya gharama ya afisa kwa miezi 36, lakini haivuki dola 125,000 kwa nafasi moja kwa kipindi chote. Wengi husoma asilimia na kuruka kikomo. Gharama ya miaka 3 ikizidi dola 166,667, yaani kama dola 55,556 kwa mwaka, mshahara na marupurupu pamoja, kikomo kinaanza kuuma na kila dola inayoongezeka ni yenu.

Tuchukue idara ambayo mshahara wake wa kuanzia ni dola 52,000 na marupurupu ni dola 18,000. Mwaka wa kwanza ni dola 70,000. Mkiongeza asilimia 3 kila mwaka, wa pili ni 72,100 na wa tatu ni 74,263. Jumla ni dola 216,363. Serikali kuu inatoa 125,000, mji unabaki na 91,363. Hiyo ni zaidi ya asilimia 42, wala si 25 iliyotajwa kwenye mkutano wa baraza.

Bado kuna mwaka wa nne. Miezi 36 ikiisha, mnatakiwa kuidumisha nafasi hiyo kwa angalau miezi 12 kwa fedha zenu. Katika mfano wetu ni dola 76,491 nyingine, na mzigo wa mji kwa miaka 4 unafika dola 167,854 kwa afisa mmoja. Hapo hamjanunua sare, silaha wala gari, na CHP hailipi saa za ziada. Mpelekeeni meya karatasi yenye namba hizi nne: kinachotoka serikali kuu, mchango wa miaka 3, mwaka wa kudumisha, na vifaa. Akikubali baada ya kuziona, mna ombi. Kuna njia ya kuomba msamaha wa mchango kwa miji iliyo katika dhiki ya kifedha, lakini hiyo haiwaondolei mwaka wa kudumisha nafasi.

Mshahara unaolipwa ni wa ngazi ya kuanzia tu. Hata hivyo si lazima askari aliyetoka chuoni jana ndiye aende shuleni, wala haifai. Njia nzuri ni kumhamishia shuleni afisa mzoefu anayependa kazi na vijana, kisha mwajiriwa mpya azibe nafasi yake doria. Tofauti ya mshahara inabaki kwenu.

Sharti linaloangusha idara wakati wa ukaguzi ni kwamba ruzuku iongeze idadi ya askari, isichukue mahali pa fedha ambazo mji ulikuwa nazo. Kama bajeti ina nafasi 18 na mkapewa 1, inatakiwa kusoma 19. Baraza likipunguza nafasi moja ya zamani mwaka huohuo kwa kuwa "serikali kuu italipa", mmevunja masharti na mnaweza kudaiwa fedha zirudi. Kama upunguzaji ungefanyika hata bila ruzuku, wekeni kumbukumbu za vikao na barua za bajeti zenye tarehe. Maelezo yanayoandikwa baada ya mkaguzi kufika hayana uzito.

Usajili: anzeni hata kabla ya tangazo

Tangazo likitoka, dirisha la kuomba ni la wiki chache tu. Usajili unaweza kuzila zote. Mpangilio ni huu:

1. SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili taasisi. Hapa taasisi hupata UEI, namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12 iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS Aprili 2022. Ulizeni kwanza ofisi ya fedha ya mji: mara nyingi mji unayo tayari, na idara ya polisi hutumia hiyohiyo. Jina la kisheria na anwani vilingane na nyaraka za kodi na za mji neno kwa neno. Tofauti ndogo kama "City of" kuwapo mahali pamoja na kukosekana pengine inatosha kusimamisha uhakiki. Usajili huhuishwa kila mwaka.

2. Grants.gov. Hapa, kwenye tovuti ya ruzuku za serikali kuu, huwasilishwa SF-424, fomu ya utangulizi ya ombi.

3. JustGrants. Hapa, kwenye mfumo wa ruzuku wa Wizara ya Sheria, huingia ombi lenyewe, yaani maelezo, bajeti na viambatisho. Hatua hizi mbili zina tarehe mbili tofauti za mwisho. Anayekosa ile ya Grants.gov hafiki JustGrants.

Kikwazo cha kawaida kabisa: mwaliko wa kuingia JustGrants hutumwa kwa barua pepe ya mtu aliyeandikwa SAM.gov kama msimamizi wa masuala ya kielektroniki. Mtu huyo akiwa amestaafu, barua inaangukia sanduku lisilo na mwenyewe, na siku zinakwenda. Fungueni SAM.gov leo mtazame jina gani limo. Kisha hakikisheni watu wawili wana sauti ya kisheria katika ombi: mkuu wa polisi au sherifu, na mkuu wa serikali, kwa mfano meya au mwenyekiti wa kaunti. COPS huwataka wote wawili. Katibu muhtasari hawezi kukubali tuzo, yaani ruzuku iliyoidhinishwa, kwa niaba yao, hata kama nenosiri analo.

Maelezo ya ombi

Msomaji wa ombi lenu ana maombi mengine mezani. Msimpe hotuba juu ya usalama wa watoto; hilo analijua. Mpeni tatizo moja lenye mahali na namba. Kusanyeni takwimu za miaka 3: miito kutoka kila shule, matukio yaliyoripotiwa, dakika ambazo askari wa doria huchukua kufika, utoro, wanafunzi waliosimamishwa. Takwimu za uhalifu zilingane na zile idara inazopeleka kwa FBI kupitia NIBRS, mfumo wa taifa wa kuripoti uhalifu. Mkitaja namba nyingine, elezeni ilikotoka.

Linganisheni sentensi mbili. "Shule zetu zinahitaji ulinzi zaidi" haimwambii msomaji kitu. "Shule ya sekondari iko maili 9 kutoka kituoni, zamu ya mchana ina askari 2 kwa kaunti nzima, na robo ya miito ya mchana hutoka shuleni hapo" inamwonyesha afisa atasimama wapi na kwa nini. Mfano huo ni wa kubuni, lakini umbo lake ndilo mnalotafuta. Baada ya tatizo, semeni afisa atafanya nini saa kwa saa, nani shuleni atashirikiana naye, na mtapima nini baada ya mwaka. Kwa SVPP, waalimu, wazazi, wanafunzi na wataalamu wa afya ya akili washirikishwe katika mpango. Wekeni tarehe za vikao na kilichobadilika kutokana na maoni yao.

Makubaliano na shule

Sehemu hii tunaiona nzito kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayomgusa mtoto. Nafasi ya CHP iliyoombwa kwa ajili ya shule humtaka afisa atumie angalau asilimia 75 ya muda wake shuleni, karibu na shule, au katika kazi za vijana. Kwa wiki ya saa 40 ni saa 30. Zamu ya doria ikipungukiwa, kishawishi cha kwanza ni kumwita afisa wa shule. Wekeni kitabu cha muda kinachojazwa kila siku na kusainiwa kila wiki, na pangeni mapema kazi zake za likizo ndefu.

Hati ya makubaliano kati ya polisi na wilaya ya shule inatakiwa na COPS, na ndiyo mahali pa kuandika afisa asifanye nini. Nidhamu ya shule ni ya mwalimu mkuu. Kijana aliyevaa kofia darasani au aliyejibu kwa ufidhuli si kesi ya polisi, na hati iseme hivyo kwa maneno ya wazi. Andikeni pia nani anamsimamia afisa kila siku, lini mzazi hupigiwa simu kabla ya mahojiano, mwanafunzi mwenye ulemavu hushughulikiwaje, na kumbukumbu zipi za wanafunzi afisa anaruhusiwa kuona chini ya FERPA, sheria ya faragha ya 1974. Afisa anayewekwa shuleni kwa fedha za CHP hupitia mafunzo ya msingi ya saa 40 ya NASRO, chama cha kitaifa cha maafisa wa shule. Mwalimu mkuu na afisa waisome hati hiyo pamoja kabla ya siku ya kwanza.

Mkishinda

Msitumie senti kabla ya tuzo kukubaliwa rasmi na masharti ya kuzuia fedha kuondolewa. Fungueni akaunti ya ASAP ya Hazina, kwani malipo hupitia huko. Ripoti ya fedha, fomu SF-425, ni ya kila robo mwaka. Ripoti ya maendeleo ni ya kila miezi 6. Ripoti ikichelewa, malipo yanafungwa mpaka iwasilishwe. Kila nafasi ina saa yake ya miezi 36, inayoanza siku ya ajira. Afisa akiacha kazi mwezi wa 14, saa inasimama hadi mbadala aajiriwe. Kwa hiyo nafasi tatu zinaweza kuwa na tarehe tatu tofauti za kuanza mwaka wa kudumisha. Ziandikeni kwenye kalenda ya bajeti ya mji, si ya idara peke yake, maana mkuu wa polisi anaweza kubadilika kabla hazijafika.