Usipime nafasi ya websaiti yako Google kwa simu yako mwenyewe

Wakuu, hii ni kwa wenye gesti, maduka ya pembejeo, mafundi na kampuni ndogo za utalii kuanzia Iringa, Makambako, Njombe mpaka Mbeya na Tunduma. Kila mwenye websaiti nayekutana naye ana tabia moja, anashika simu yake anaandika "gesti nzuri Mbeya", anaiona ya kwake juu kabisa, anafurahi, alafu simu ya mteja haiiti. Inaniuma kwa sababu watu wanapanga matumizi ya hela zao kwa hicho walichokiona.

Google haina orodha moja ya majibu kwa watu wote. Walianza kupanga majibu kulingana na mtu mwaka 2005 kwa waliokuwa wamelogin, alafu Desemba 2009 wakaileta kwa kila mtu hata asiye na akaunti, kwa kutumia kuki za kwenye brauza (vifaili vidogo vinavyokumbuka ulichofanya). Siku hizi vitu vinavyobadilisha zaidi ni mahali ulipo na lugha unayotumia, pia ulivyotafuta na kufungua huko nyuma vinaweza kuchangia. Sasa wewe unayefungua websaiti yako kila asubuhi, ukiwa umekaa ndani ya gesti yenyewe pale Soweto, Mbeya, na akaunti yako iko wazi, hapo si umeshaiambia Google ikupe nini? Majibu ya ramani ndo kabisa, Google wenyewe wanasema wanaangalia biashara inaendana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani na mtafutaji, na inajulikana kiasi gani. Kwa hiyo mtu wa Uyole na mtu wa Mafiati, wote humohumo Mbeya, wakiandika "duka la mbegu" dakika hiyohiyo, wanaweza kupata maduka tofauti na wote wawili wako sahihi.

Ukitaka kuangalia kwa mkono, fungua inkognito, yaani dirisha la faragha la brauza. Hiyo inaweka pembeni historia ya akaunti yako ila haifichi mahali ulipo, na hapa ndo wengi wanapotea. Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wa majibu, pale Google inaandika inadhani uko wapi. Ukitumia bando la simu bila kuwasha lokesheni usishangae kukuta imeandika Dar es Salaam wakati uko Mwanjelwa, Mbeya, maana inakisia kwa anwani ya mtandao (IP). Washa lokesheni, rudia, uone tofauti. Kama chini kuna maneno yanayokuambia majibu yamepangwa kwa ajili yako, bonyeza ile sehemu ya kujaribu bila mpangilio huo, au ongeza mwenyewe &pws=0 mwishoni mwa anwani ya ukurasa. Ukiongeza na &gl=de utaona kwa karibu anachokiona mtu wa Ujerumani, gl=ke Kenya, na hl=en au hl=sw inabadilisha lugha. Kwa wanaouza safari za Ruaha kutokea Iringa hii ni muhimu sana, mteja wako hayupo Gangilonga pale Iringa mjini, yupo Ulaya na anaandika Kiingereza. Haiwi sawasawa na kuwa kule, ila inakupa picha. Kwa wateja wa humu nchini njia rahisi ni ndugu, mwambie shangazi wa Tukuyu, mdogo wako Songea na rafiki wa Dodoma watafute maneno yaleyale jioni moja wakutumie skrinishoti WhatsApp.

Lakini kipimo cha kutegemea ni Google Search Console, chombo cha Google kwa wenye websaiti, ni bure, unathibitisha kwamba websaiti ni yako basi. Hii haikuonyeshi unachokiona wewe, inakuonyesha walichokiona watu: maneno waliyotafuta, umetokea mara ngapi, wamebonyeza mara ngapi, na wastani wa nafasi yako, mpaka miezi 16 nyuma. Shika hilo neno wastani. Ukiona 6 haimaanishi upo wa sita, inawezekana watu wa Mbeya mjini wanakuona wa pili na watu wa Dar wanakuona wa kumi na tano. Na inahesabiwa pale tu ulipotokea, kwa hiyo ukianza kutokea kwa watu wapya wa mbali wastani unaweza kushuka kutoka 4 hadi 9 wakati wanaokuona na wanaobonyeza wameongezeka, hiyo ni habari njema na nimeona watu wanataka kubomoa websaiti nzima kwa sababu yake. Soma namba zote tatu pamoja, chuja kwa nchi na kwa simu au kompyuta (mkoa haichuji), linganisha miezi mitatu na mitatu iliyopita. Siku moja moja achana nazo.

Ukishajua unaonekana wapi, fanyia kazi mahali wateja wako walipo. Wa karibu, jaza vizuri Google Business Profile (taarifa za biashara yako zinazotokea kwenye ramani ya Google), pini ikae mlangoni kwako kweli na siyo barabara ya pili, weka saa za kufungua, picha zako mwenyewe, na waombe wateja halisi waandike maoni, usinunue. Kwenye websaiti taja mtaa na alama ambayo dereva bajaji anaijua, "Mbeya" peke yake haitoshi. Wa mbali, tengeneza ukurasa wa Kiingereza unaojibu maswali yao, kama njia ya kutoka Iringa mjini mpaka geti la Ruaha na msimu wa kwenda.

Akija mtu anakuahidi namba moja kwa laki kadhaa, muulize namba moja kwa nani, yuko wapi, ameandika maneno gani. Google wenyewe wameandika hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja.

Search Console anza nayo leo hata kama websaiti bado ina kurasa mbili, data zinaanza kukusanywa ukishaisajili, na ukichelewa mpaka msimu wa watalii uishe hautakuwa na cha kulinganisha nacho mwakani.