Jinsi ya kujaza karatasi ya alama ya besiboli, kwa kutumia mechi ya Larsen ya 1956

Kila anayekuja kunisaidia kuandika alama uwanjani namwanzishia mechi moja: tarehe 8 Oktoba 1956, Yankee Stadium, mchezo wa tano wa fainali za World Series. Yankees waliwafunga Brooklyn Dodgers 2-0, na mrushaji wao, Don Larsen, hakumwachia hata mpigaji mmoja afike salama besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne anavyozunguka mkimbiaji. Wapigaji wa Dodgers wamepanda 27, wametolewa 27. Chukua penseli. Mimi msimu mmoja nilijitia kutumia kalamu ya wino, karatasi zikawa kama daftari la chekechea.

Hatua ya 1. Chora mistari tisa ya wapigaji na safu tisa za awamu (katika awamu, timu hupiga hadi watu wake watatu watolewe). Andika majina ya Dodgers kwa zamu zao: Gilliam, Reese, Snider, Robinson, Hodges, Amoros, Furillo, Campanella, Maglie.

Hatua ya 2. Kariri namba za walinzi. Mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu 6, kisha wa nje: kushoto 7, kati 8, kulia 9. Shotistopu husimama kati ya besi ya pili na ya tatu, lakini ni 6. Usiulize, kariri.

Hatua ya 3. Awamu ya kwanza. Gilliam ametoka kwa straiki tatu (mirusho halali aliyoikosa), ya mwisho ameitazama tu ikipita: andika K, alama ya kutolewa kwa straiki, lakini iliyogeuzwa mgongo. Reese vilevile. Snider amepiga, Bauer akadaka kulia: 9.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Awamu ya pili Robinson alipiga mkwaju mkali, ukamgonga Carey wa besi ya tatu, ukamrukia shotistopu McDougald, naye akamtupia Collins besi ya kwanza. Wanafunzi wangu huandika 6-3. Hapana, ni 5-6-3. Carey hakuushika, lakini ni yeye aliyeuelekeza, kwa hiyo anahesabiwa kuwa amesaidia kumtoa mpigaji.

Hatua ya 5. Weka alama yako mwenyewe pale namba inapoficha jambo. Awamu ya tano Hodges ana 8, ungedhani mpira ulimdondokea Mantle, mlinzi wa kati, mkononi. Wapi! Alikimbia hadi ndani kabisa kushoto-kati akaunyaka kwa glavu iliyogeuzwa. Mimi huchora nyota pembeni.

Hatua ya 6. Ukurasa wa Yankees ni mwepesi. Awamu ya nne Mantle aliutoa mpira nje ya uwanja, akazunguka besi zote na kupata pointi: chora almasi ya besi nne, ijaze yote. Ya sita Bauer alipiga mpira uliomwezesha Carey kufika nyumbani na kupata pointi ya pili.

Hatua ya 7. Hakiki. Awamu ya 3, ya 6 na ya 9 zote zimeishia mstari wa tisa? Basi kila mtu amepanda mara tatu tu. Mstari huo ulikuwa wa Maglie, lakini awamu ya mwisho aliingia Dale Mitchell badala yake: piga mstari mwima kabla ya mraba, jina lake liwe chini ya la Maglie. Mrusho wa 97, Mitchell akaanza kuzungusha gongo, akalizuia. Mwamuzi Babe Pinelli akaita straiki. Mitchell aligeuka kumlalamikia, huku mdakaji Berra akishamrukia Larsen kifuani. Andika K ya kugeuzwa, sawa na ile ya Gilliam.