Kompyuta ya mezani ya zamani na Wi-Fi: ya kuangalia kabla hujaenda dukani

Ofisi nyingi za shule za kata, steshenari za mtaani na vyama vya ushirika, kuanzia Mafinga hadi Tunduma, bado zinaendesha kazi zake kwa kompyuta za mezani za mtumba. Zinachapa, zinaprinti, zinatunza matokeo ya mitihani. Shida inaanza pale barua inapotakiwa kwenda kwa imeili, au kijana anapotaka kujaza maombi ya kazi kwenye Ajira Portal. Hapo fleshi inachomolewa na kupelekwa kwa jirani mwenye laptopu. Sasa rauta imeshafungwa ofisini, au simu ya mwalimu mkuu ina bando la kutosha, na swali ni moja: hii CPU ya zamani, yaani boksi lenyewe la kompyuta, nayo itashika Wi-Fi?

Mara nyingi itashika. Ila wengi wanaanzia mwisho. Wanakwenda sokoni Mwanjelwa, Mbeya, au Miomboni, Iringa, wanaomba kile kidude cha Wi-Fi, muuzaji anawaambia, "Chomeka tu bosi, inashika yenyewe." Wanarudi, wanachomeka, kitaa kinawaka, na jina la mtandao halionekani popote. Kwangu mimi adapta, yaani hicho kidude, ndiyo kitu cha mwisho kununuliwa. Yanayotangulia hayahitaji hela nyingi. Yanahitaji usiku mmoja na nusu siku, bisibisi ya nyota na fleshi moja iliyo safi.

Kwanza jua mashine inatumia Windows gani. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Ikikujibu Windows XP, hiyo iliachwa na Microsoft, yaani haiiletei tena masasisho, tarehe 8 Aprili 2014. Bado inachapa barua vizuri kabisa, lakini kurasa nyingi za leo zinadai usalama ambao kivinjari cha enzi zake hakiufahamu, kwa hiyo hata ukiiunganisha itaishia kukuonyesha ukurasa mweupe. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109 la mwaka 2023. Inafungua mengi, ila inazeeka mbele ya macho yako. Windows 10 nayo imefikia ukomo wake tarehe 14 Oktoba 2025.

Pili angalia RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi ikiwa imewaka, kwa kubofya kulia kwenye alama ya kompyuta na kuchagua sifa zake. Mashine yenye GB 1 itaingia mtandaoni, lakini ukifungua kurasa tatu kwa pamoja utakwenda kuchemsha chai na kurudi ukute bado inafikiri. Yenye GB 4 inatosha kwa fomu, imeili na kuprinti risiti. Kama ni GB 2 na kazi zenyewe ni za kivinjari tu, fikiria Linux nyepesi kama Lubuntu, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Kwenye mashine zenye prosesa ya Core 2 Duo inakwenda vizuri kuliko watu wanavyodhani. Pentium 4 za mwanzoni ziache kwenye uchapaji, kwa sababu nyingi ni za biti 32 na matoleo mengi ya Linux yameachana nazo.

Jambo la tatu linachekesha mpaka likukute: saa. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, iache ilale hivyo, asubuhi iwashe utazame kona ya chini kulia. Ikisema ni Januari 2009, au ikisimama njiani na kukuomba ubonyeze F1 kila inapowaka, betri ndogo ya kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa. Hili lina uhusiano mkubwa na intaneti. Kila tovuti yenye usalama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2009 inaona cheti hicho hakijaanza hata kutumika, basi inakataa na kukuandikia kwamba muunganisho si salama. Mtu analaumu mtandao, anabadilisha laini, ananunua bando jingine, na Wi-Fi haina kosa lolote.

Betri yenyewe ni CR2032 ya volti 3, ya duara, ile ile inayotumika kwenye rimoti nyingi za magari, na mafundi saa wanayo. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa CPU, sukuma kibanio kidogo cha chuma, betri itaruka yenyewe. Mpya iingie upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukishawasha, rekebisha tarehe, na kwenye orodha ya majira chagua Nairobi, maana Windows inaliita hivyo eneo letu la saa. Kwa kuwa umeshafungua, pumulia nje vumbi la kiangazi, hasa kwenye feni, na sugua meno ya RAM kwa kifutio cha penseli kabla ya kuyarudisha.

Sasa fanya jaribio la bure kabla hujatoa hela. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa chaji, ila uwe waya unaopitisha data. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa kipengele cha kushiriki intaneti kwa USB (USB tethering). Windows 7 na za baadaye kwa kawaida zinaitambua simu ndani ya dakika moja. XP mara nyingi haiitambui. Simu ikiwa yenyewe imeshika Wi-Fi ya ofisi, itaipitisha hiyo hiyo kwenda kwenye kompyuta bila kugusa bando lako. Fungua ukurasa ule ule unaouhitaji kazini, uwe wa maombi ya mkopo wa chuo au wa kodi. Usijaribu kwa ukurasa mwepesi wa kutafutia, huo hufunguka hata pale mengine yote yamegoma. Ukikataa kwa waya wa simu, hautafunguka kwa adapta ya bei yoyote ile.

Na kama rauta iko chumba kimoja na kompyuta, niseme wazi: huhitaji Wi-Fi. Nyuma ya karibu kila CPU ya ofisini kuna tundu la waya wa mtandao, pana kidogo kuliko la waya wa simu ya mezani. Nunua waya wa mita chache, chomeka huku na huku, umemaliza. Ni imara kuliko Wi-Fi na hauombi paswedi. Mambo yanabadilika ukitaka kuvuka kutoka jengo moja hadi jingine. Kwetu mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi, Tukuyu na Rungwe nzima wanalijua hilo vizuri, na waya mrefu unaopita nje kati ya majengo unaweza kubeba umeme wa radi kutoka jengo moja kuupeleka kwenye mashine ya jengo la pili. Hapo Wi-Fi inastahili gharama yake.

Umeamua ni Wi-Fi. Piga picha mgongo wa CPU na ndani yake, uende nayo dukani. Picha inasaidia kuliko maelezo. Matundu ya USB ya kompyuta za tangu katikati ya miaka ya 2000 kwa kawaida ni ya 2.0, yanayofikisha megabiti 480 kwa sekunde kwa hesabu za kwenye makaratasi. Za zamani zaidi zina 1.1, yenye megabiti 12 tu, na hizo zitakuchosha. Ukitaka kadi ya kufunga ndani, angalia nafasi iliyopo: PCI ya zamani ni ndefu na mara nyingi nyeupe, PCI Express ya kadi ndogo ni fupi kama kidole gumba, na kadi ya moja haiingii kwenye nyingine. Zile CPU nyembamba za kulala juu ya meza zinataka kadi yenye kibati kifupi. Kwa watu wengi nashauri USB, na nashauri yenye antena, si kile kidogo kama ukucha. Ichomeke nyuma, ambako tundu limeungwa moja kwa moja kwenye mazabodi, au tumia waya wa kurefusha USB uitoe kabisa nyuma ya bati la CPU, kwa sababu bati hilo linakula mawimbi.

Kinachowakwamisha wengi kuliko vyote ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Adapta bila draiva ni plastiki yenye taa. Ndani ya boksi huwa kuna kisidii kidogo cha duara, na kompyuta yenyewe ama haina sehemu ya kusomea sidii ama iliyopo ilishakufa. Boksi linakwambia upakue draiva mtandaoni, na mtandao ndio huo unaoutafuta. Kwa hiyo hakikisha draiva iko kwenye fleshi kabla adapta haijatoka dukani. Muulize muuzaji, "Kaka, chipu ya humu ni gani, na Windows 7 inaikubali?" Asipojua, mwombe aichomeke kwenye kompyuta yake. Akubofyee kulia kwenye kompyuta, aingie kwenye kidhibiti cha vifaa (Device Manager), afungue sifa za adapta na kwenye maelezo asome namba inayoanza na VID. Ikiwa VID_0BDA, chipu ni ya Realtek. VID_148F ni ya Ralink. VID_0CF3 ni ya Atheros. Ukiwa na namba hiyo pamoja na ile ya PID inayoifuata, unapata draiva sahihi hata kama maandishi ya boksi ni ya Kichina matupu. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64, maana draiva ya moja haikubali kwenye nyingine. Na usipakue yale mafaili yanayodai kutafuta draiva zote za kompyuta yako kwa mpigo. Mengi yanakuja na mizigo usiyoiagiza.

Kuhusu mawimbi, adapta nyingi za bei nafuu zinasikia 2.4 GHz tu. Simu nyingi mpya zinaweza kurusha hotspoti kwa 5 GHz, na hapo kompyuta haitaliona jina la simu hata ukiiweka juu ya CPU. Badilisha kwenye simu iwe 2.4, kwa iPhone 12 na za baadaye kuna kipengele cha kuongeza upatanifu (Maximize Compatibility) kwenye hotspoti, kiwashe. Hiyo 2.4 ndiyo inayopenya vizuri zaidi kuta za matofali ya kuchoma tulizonazo huku, ingawa kuta mbili nene bado zinaipunguza. Usalama wa mtandao uwe WPA2. Rauta ikiwekwa WPA3 peke yake, mashine ya zamani itakataliwa hata kama paswedi ni sahihi. Kwa XP hakikisha ina Service Pack 3, yaani kifurushi chake cha mwisho cha masasisho makubwa, ambacho tayari kinaijua WPA2. Kabla hujaamua meza ikae wapi, simama hapo na simu, usome mawimbi. Kama intaneti inatoka kwenye mifi, kile kirauta kidogo cha kuweka laini, mifi ikae dirishani upande wa mnara, isifichwe kabatini chini ya bati.

Umeme nitaupitia haraka, isipokuwa kitu kimoja. Nyuma ya CPU nyingi za zamani, karibu na tundu la waya wa umeme, kuna kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu utasikia mlio, utaona moshi, na hadithi ya Wi-Fi imeishia hapo. Isukume iwe 230 kabla ya chochote. Baada ya hapo tafuta stabilaiza au UPS, ile yenye betri ya kushikilia umeme ukikatika, na radi zikianza chomoa kabisa. Kuzima tu hakutoshi.

Kompyuta iliyokaa miaka bila mtandao huwa na vitu ambavyo havipo kwingine: mihtasari, orodha za wanafunzi, hesabu za kikundi. Vinakili kwenye diski ya nje kwanza, halafu ichomoe na uifungie. Mei 2017 WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai hela, ilisambaa kwenye mitandao bila mtu kubofya kitu, na nyingi ya kompyuta ilizozifunga zilikuwa za Windows 7 zisizosasishwa. Fleshi zetu za kupokezana nazo zina virusi vyao, vile vinavyogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato.

La mwisho ni bando. Windows 10 iliyokaa gizani muda mrefu ikishika mtandao inaanza kuvuta masasisho kwa fujo, na GB zako zinayeyuka kabla hujafungua imeili. Siku ya kwanza, mara tu ikishaunganishwa, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi uuweke kuwa wa kupimwa (metered), ili Windows ipunguze kuvuta yenyewe. Masasisho makubwa yasubiri siku utakayokuwa na bando la usiku au mtandao wa kulipiwa kwa mwezi.